Usijichurie, Noela

Sisi wa Kilombero mbegu ya mpunga tunaitenga msimu mzima kabla, lakini ugonjwa hatuupangii. Ukijaribu, utaambiwa unajichuria, unajiitia mabaya.

Noela wa Lipangalala alikuwa msusi wa miaka ishirini na mitatu, mdomo wake ukienda kasi kuliko vidole. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, na mwaka jana daktari alimweleza bila kumficha kwamba hautengenezeki tena. Jumapili moja baada ya misa akatuita uani, ndugu zake na sisi majirani, akatupikia ubwabwa.

"Siku nikishindwa kupumua," alisema, "msiniwekee mpira wa kupumulia kooni. Nirudisheni kitandani kwangu, Leticia anishike mkono. Nisipoweza kusema, yeye ndiye anisemee."

Mjomba wake Viktor, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo ule, akaweka sahani chini. "Usijichurie, Noela! Mtoto mdogo unaongea mambo ya kaburi?"

Watu wakaendelea kula. Nilichukia sana, maana hata huo ubwabwa aliupika huku akihema. Leticia, mdogo wake, ndiye pekee aliyeitikia kwa kichwa.

Mpunga ulipotoa masuke Leticia akaenda shambani kwao Michenga kuamia ndege, akilala juu ya dungu, kichanja cha walinzi wa mpunga, kama wenzake. Ukiliacha shamba siku moja tu, kwelea kwelea hawakubakizii kitu. Simu huko inashika kwa kubahatisha, na ni siku hizo hizo Noela akazidiwa. Hospitalini wakauliza msemaji wa familia ni nani.

"Mimi," akajibu Viktor. "Fanyeni yote."

Habari zilipompata, Leticia alifika hospitalini na matope magotini. Alimkuta dada yake ana mpira kooni, mikono imefungwa kwa bandeji asije akaung'oa, machozi yakimwingia masikioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Noela hakutaka hivi."

"Alimwambia nani?"

"Wewe. Siku ile ya ubwabwa."

Viktor alitazama sakafu. "Nilidhani tusipoyasema hayatakuja."

Leticia akashika vidole vilivyochomoza kwenye bandeji. Noela alikufa Ijumaa, mpira ukiwa kooni bado.

Jioni ile tulikusanyika uani palepale. Kabla giza halijaingia tulikuwa tumepanga kila kitu: turubai, jeneza, wapishi, mpaka mahali pa kuchimba. Hakuna aliyesema tunajichuria.