Mama Alivyoniokoa na Mashine ya Sumaku

Tafadhali, haya yaishie hapa kwenye kikundi chetu cha familia. Bosi asijue kabisa.

Leo daktari alitaka nipigwe picha kwa mashine ya MRI, aone kama mshipa wa ubongo umevimba.

Mashine hiyo ni sumaku kubwa, kwa hivyo akauliza, "Chuma kimewahi kukuingia jichoni?"

Nikasema hapana. Mimi ni karani.

Mama akacheka. "Karani! Daktari, huyu alichonga mawe na mjomba wake pale Kitengela likizo nzima. Kipande cha patasi kikamrukia jichoni."

Nilikuwa nimesahau.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kama kilibaki, sumaku ingekivuta. Ungepofuka."

Kesho napigwa CT badala yake, picha ya eksirei isiyo na sumaku, ya kudungwa dawa mshipani. Naogopa.

Msipige simu ofisini. Pigeni yangu, iko na mama. Maswali yote sasa anajibu yeye.