Kinyozi Aliyesikiliza Kwanza

Kinyozi wetu wa karibu na msikiti hakumwekea mvulana wembe kabla ya kumsikia. "Sema jina yako," alikuwa akimwambia, huku ameinamisha sikio. Sauti ikikwaruza na kupanda ghafla, hakucheka, wala hakuruhusu mtu acheke. Alipitisha kidole juu ya mdomo, kwenye vinyweleo vya kwanza, taratibu, kama anayegusa mche uliochomoza alfajiri. "Usisikie haya. Chunusi, jasho, sauti, yote iko kazi ya Mungu. Hata mimi nilipita pale."

Mwaka wa uasi nilimpeleka mwanangu Feruzi kwake, maana waasi walikuwa wakipita mitaani wakichukua wavulana waliobaleghe waende vitani. Alikuwa ameshapakwa povu kichwani walipoingia wawili wenye bunduki. "Weye, uko na miaka ngapi?" mmoja akauliza. Feruzi alipofumbua mdomo, kinyozi akateremsha povu lote, akaufunika pamoja na vile vinyweleo. "Usimusemeshe, chef. Mutoto iko na upele ya kichwa, hii sabuni iko na dawa." Wakarudi nyuma, wakatoka wakijikuna. Akamnyoa kichwa na mdomo, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji. Kisha akainamisha sikio, safari hii baada ya wembe. "Sasa sema jina yako." Feruzi akalitaja, na likatoka zito, zima, kwa sauti ya marehemu baba yake. Kinyozi akaweka wembe chini, akamnyooshea mikono miwili. "Karibu, papa," akamwambia, kama anavyoitwa mwanaume mzima.