Njia ya Kupandia

Iko siku moja ya utotoni, mwanangu, ambayo haijanitoka mpaka leo, nayo haina mlima wala baiskeli ndani yake. Ilikuwa harusi, kwetu Upare. Shangazi yangu Nakunda alikaribishwa akae mbele na wakubwa, kwenye mkeka mzuri, akakataa. Akaketi kizingitini. Watu wakamcheka, wakasema huyu anakaa mlangoni apate kukimbia na sinia la pilau. Yeye akacheka nao, akala, akashiba, hakusogea. Ndivyo alivyokuwa kila alikokwenda, iwe msibani au kwenye baraza la kijiji. Kuingia humpendeza mwenye nyumba, alikuwa akisema, kutoka ni shauri lako mwenyewe. Alikutwa na nini maishani hata akawa hivyo, sijui. Wazee wetu walikuwa hawaulizwi, na alikufa na jibu lake.

Basi huyo shangazi alinijia tena kichwani juzi, ulipoleta baiskeli yako hapa Dubai, karakanani Al Quoz, nikukazie breki. Ukanionyesha kwenye simu njia mliyoichora wewe na wenzako, mstari wa buluu unaokata milima mitupu ya nyuma ya Hatta. Ukasema maji mnayo, mipira ya akiba mnayo, tochi mnayo. Nikazungusha pedali. Ulidhani nasikiliza mnyororo.

Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa fundi mdogo wa arbab mmoja, bosi wetu, mtaa wa pili tu kutoka hapa. Rafiki yangu alikuwa Mutua, Mkamba wa Machakos, mlinzi wa ghala, mtu wa maneno mengi na moyo safi. Arbab alikuwa na baiskeli mbili za milimani, tairi nene kama mkono wa mtoto mnene, na alikubali kutuazima siku yetu ya mapumziko. Mutua akaniapia kwa jina la mama yake kwamba ya kwake atairudisha bila mkwaruzo, maana alijua ikipotea, kazi yangu imekwenda nayo.

Tulipanga safari hiyo kwa chaki, sakafuni, kati ya madoa ya oili. Mutua akachora mlima kama jino. Hapa tunashushwa na pikapu ya Mpathani mmoja, mtu wa Pakistani, hapa tunasukuma, hapa tunavuka mgongo, halafu tunateremka kwenye mto mkavu, ule Waarabu wanaouita wadi, na huo unatutoa mpaka barabarani kabla ya jua kuzama. Mimi nikauliza habari ya mvua. Akanicheka. "We Mpare, umezaliwa juu ya mawe na unaogopa mawe?"

Na kweli, hapo ndipo sisi watu wa milimani tulipojidanganya. Kwetu mto ni mto, unausikia unaongea mwaka mzima, na mvua ikinyesha unaloa wewe mwenyewe. Mto usio na tone la maji tuliuona ni barabara. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa na gia nyingi kwenye baiskeli?

Ilikuwa msimu wa baridi. Tulipopanda ule mgongo tukisukuma baiskeli, jasho likitukaukia kabla halijadondoka, nilikuwa nimechoka kusema. Tulipofika juu nikalaza baiskeli chini. Mwanangu, nimeona Kilimanjaro tangu utotoni, ilikuwa ndiyo jirani yetu, lakini Kilimanjaro imevaa nguo. Ile milima ilikuwa uchi. Safu nyuma ya safu, ya kahawia, ya zambarau, nyingine rangi ya kutu, hakuna mti, hakuna moshi, hakuna ndege. Nilihisi kama nimeingia chumba cha mkubwa bila kubisha hodi. Mutua, yule Mutua wa maneno mengi, alivua kofia.

Tukateremka. Breki zilinuka kama pasi iliyoachwa kwenye nguo. Chini kwenye wadi changarawe ilikuwa laini, kuta za mwamba zimesimama huku na huku, mbingu juu ni utepe wa buluu usio na wingu. "Hii ni lami ya Mungu," Mutua akasema. Tukalaza baiskeli kivulini, tukafungua chapati zetu.

Hapo tukamwona mzee. Alikuwa amesimama juu ya mwamba, kanzu imefifia, fimbo mkononi, mbuzi wake wamejipanga juu zaidi kama watu roshani. Nikamsalimu kwa Kiarabu changu cha karakanani. Akatusikiliza tukinong'onezana, kisha akajibu kwa Kiswahili, tena kile cha Unguja, kilichonyooka.

"Nyinyi munakwenda wapi?"

Nikaiweka chapati chini. Kwa kifupi akatueleza kwamba alizaliwa Unguja, akaletwa huku kwenye nchi ya babu zake angali mdogo. Mutua akamweleza mpango wetu wote kwa fahari, mgongo, wadi, barabara. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Hakutukana, hakutisha.

"Ya kwenda munayo," akasema. "Ya kurudi munayo. Ya kupandia iko wapi?"

Hatukumwelewa. Akaonyesha kuta za mwamba kwa fimbo. Maji yakija, mutapandia wapi? Mutua akamwambia kwa heshima, mzee wangu, hapa hata mate ya mvua hakuna, tazama juu. Mzee akasema juu ya kichwa chako si juu ya mlima wote, kisha akatuuliza kama tumewaona mbuzi wake wako wapi. Wakati huo huo ukapita upepo wa baridi kutoka huko wadi inakopinda, umebeba harufu ya udongo uliolowa. Harufu ya nyumbani, mwanangu. Kwa nukta moja niliifurahia.

"Yalla, pandeni," mzee akasema.

Nilipanda kwa mikono na magoti. Mutua alikuwa nyuma yangu, kisha hakuwa. Amerudi chini kwenye baiskeli. Nilimwita, akajibu bila kugeuka kwamba alishaniapia. Alikuwa ameishika usukani, anaivuta juu ya jiwe, na ardhi ilikuwa imeanza kutetemeka kama bandarini Jebel Ali wanapoburuta makontena. Mzee hakupaza sauti. Alipiga fimbo mwambani mara moja.

"Chuma kiache, kijana. Chuma hakina mama."

Sijui ni neno gani katika hayo lililomfikia, nadhani ni mama. Aliachia. Alipanda, tukamshika mkono mmoja mmoja, mimi na mzee, na miguu yake ilikuwa bado inaning'inia maji yalipotokea kwenye kona.

Hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta unaotembea, umebeba magogo na povu la kahawia, mawe makubwa yakigongana ndani yake kama meno. Niliona gurudumu moja la baiskeli ya Mutua likizunguka juu ya povu, taratibu, kama ninapolizungusha kulipima spoki, kisha likaenda. Na mbingu, mwanangu, mbingu ilikuwa buluu vilevile. Jua linawaka. Mvua ilinyesha milima mingine tusiyoiona. Mimi nikasema Subhanallah mpaka ulimi ukakauka. Mutua akasoma zaburi kwa Kikamba. Mzee alikaa tu, akiwatazama mbuzi.

Arbab nilipomweleza kwamba baiskeli zote mbili zimekwenda na maji, alinitazama miguu, ina damu, akasema khalas, yamekwisha, kaoge. Kazi sikufukuzwa.

Sasa breki zako nimezikaza. Nenda, sikukatazi, ile milima ni lazima mtu aione akiwa na macho ya ujana. Lakini usisafirie nyota ya mwenzio. Huo mstari wa buluu aliuchora mtu aliyepita siku yake, wewe unapita siku yako. Kila mtakapoteremka mahali pembamba, kabla hamjafungua hata chupa ya maji, inua macho utafute pa kupandia. Ukipakosa, usikae. Kibaridi kikija na harufu ya mvua, usiulize mbingu. Na ukiona mwenzako anarudia chuma, mwambie lile neno la mzee. Mungu akutangulie kwenye kona usizoziona, akurudishe kwa mama yako na magoti yako mazima.

Maji yalipopungua, yule mzee alitunyooshea fimbo tukaona njia ya mbuzi inayokwenda barabarani. Tukamwomba jina lake. Tukamuuliza anakaa wapi tumletee japo halua siku nyingine. Aliinuka, akakung'uta kanzu, akapiga mluzi, mbuzi wakamfuata. Alikwenda bila haraka, akapinda nyuma ya mwamba. Tulikaa tukimngoja, tukidhani amekwenda kuchukua kitu. Nimerudi pale na halua miaka mingi. Hakurudi.