Sabuni Tano za Marcelline

Nyumba ya Marcelline ilikuwa ya mwisho kwenye mtaa wao. Baada yake ni korongo. Aliijenga kwa samaki. Miaka nenda rudi alileta samaki wakavu kutoka Mahagi-Port, akawauza sokoni Bunia, akanunua matofali kidogo kidogo, mpaka akapata vyumba vitatu vilivyoezekwa mabati. Mumewe alikufa kabla ya msingi, na mwanawe wa pekee, Davy, anapasua mbao huko Mambasa. Kiwanja alikinunua mteremkoni kwa sababu ndicho alichokiweza. Wakati huo korongo lilikuwa mfereji tu, mtoto angeuruka.

Kila mvua ilikula udongo, lakini kulikuwa na salongo. Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulitoka na majembe, wakajaza udongo kwenye mifuko, wakaipanga ukingoni, wakapanda matete, na korongo likatulia. Hakuna aliyelipwa. Marcelline alipika chai, watu wakataniana, wakaenda kuoga. Mimi ni wa parokia yake na sitaki kuwapamba watu: wapo waliokuja kwa ajili ya chai. Lakini walikuja.

Mwaka jana akaja kijana wa chuo, Gaël, mpole, mwenye viatu safi. Alitaka kujua kwa nini watu wengine husaidiana na wengine hukwepa. Swali zuri, kwa mtu asiyelala kando ya korongo. Akachagua watu watano wa mtaa ule, Marcelline na jirani yake Angélique wakiwemo, akawachezesha mchezo. Kila mmoja anapewa sabuni tano. Anaingia peke yake nyuma ya kitenge, anatia sandukuni kiasi anachotaka, na zinazobaki ni zake. Gaël anaziongeza zile za sandukuni mara mbili, kisha anawagawia wote sawasawa, hata yule ambaye hakutia kitu.

Marcelline alitia zote tano, kila mara. Hakuwaza sana, kwake ilikuwa salongo tu. Mara ya kwanza sanduku lilitoka na sabuni kumi na tano, watu wakatazamana. Mara ya pili, kumi. Mara ya tatu Gaël alilifungua mbele ya wote, zikawa tano, na Marcelline alijua zote ni zake.

Gaël alisema hiyo ni kawaida, dunia nzima iko hivyo. Akashukuru, akapanda pikipiki, akaenda zake. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa umeshasikia kwamba kati yao kuna wanaokwepa, ila haikujulikana ni nani.

Jumamosi iliyofuata Angélique alisimama mlangoni na jembe begani, akichungulia kama wengine wametoka. Wengine nao walikuwa milangoni mwao wakichungulia. Mwishowe kila mtu alirudi ndani. Marcelline akamfuata Angélique.

"Mama Davy, mi sikatae," Angélique alisema. "Nitakuja, kama wengine wanakuja. Lakini siwezi kutoka jasho juu ya mutu mwenye anakula sabuni ya batu."

"Weye unajua ni nani?"

"Sijue. Ndiyo maana nabakia ku nyumba."

Wiki zikapita hivyo. Ukuta wa jikoni ukapata ufa. Ndipo Marcelline akafanya jambo ambalo ninalielewa na bado linaniuma. Jumapili baada ya misa, mbele ya Baudouin, mkubwa wa mtaa, na majirani wote, alisimama.

"Ile sabuni, ni miye niliibakisha," alisema. "Mara zote. Musishukiane tena. Munisamehe, salongo ianze."

Alifikiri shuku ikishapata mwenyewe itakwisha. Na kweli ilikwisha. Angélique alishusha pumzi. Wale wanne, kila mmoja akijua vizuri alichobaki nacho nyuma ya kitenge, walikubali haraka sana kwamba mkosaji ni Marcelline. Baudouin hata akamsifu kwa kusema kweli. Jumamosi ikafika, na hakutoka mtu.

"Kama ni yeye alidanganya siye, afukie shimo yake mwenyewe," walisema.

Basi akafukia mwenyewe. Alijaza mifuko asubuhi kabla ya soko, na mvua ikaibeba mchana. Nilimwambia awaeleze ukweli. Alijibu kwamba sasa nani atamwamini.

Mwezi wa kumi jiko lilianguka. Siku mbili baadaye sakafu ya chumba cha kulala ilipasuka, na asubuhi hiyo mtaa wote ukaja. Hakuna aliyewaita. Wanaume walipanda kufungua mabati. Wanawake walipanga mstari kutoka mlangoni mpaka barabarani, wakapokezana sufuria, kitanda, vikapu vya samaki. Angélique alibeba godoro huku akilia. Kazi ilikwenda haraka na vizuri, hata watoto hawakukwepa. Saa sita nyumba ilikuwa imebaki kuta tupu, na alasiri kuta nazo zikaingia korongoni.

Marcelline alikuwa amekaa barabarani juu ya mabati yake. Baudouin akamuuliza kama kuna kitu kilisahaulika ndani. Marcelline aliinua kichwa. Aliwatazama mmoja mmoja, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho.

"Kumbe muko wengi hivi," alisema.