Mkono wa Chuma Juu ya Zizi la Bibi

Oili ya haidroliki ikipata moto hutoa harufu nzito, tamu kidogo, kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa jikoni. Wengine harufu hiyo huwakumbusha karakana. Mimi hunikumbusha migomba iliyolowa, moshi wa kuni mbichi, na nyumba ya bibi yangu kwenye mteremko wa Mlima Meru, masika yale nilipokuwa darasa la nne na shule zimefungwa. Mvua ilikuwa imeporomosha ukingo wa barabara, tope likaziba mfereji, na maji yakaanza kukatiza shambani kwa Bibi bila hata kubisha hodi. Ndipo wenye mradi wa barabara wakaleta kijiko, ile mashine ya manjano yenye mkono mrefu wa kuchimbia. Tangu siku hiyo sisi watoto hatukuwa na mchezo mwingine. Tulikaa ukingoni kama kunguru, tukishangilia kila ndoo ya tope iliyonyanyuliwa.

Opareta wake alikuwa kijana mchangamfu aitwaye Eliya, mwenye sauti ya besi iliyotaka kushindana na injini. Bibi alimpenda kwa sababu aliamkia vizuri. Alizima mashine kwanza ndipo akasema shikamoo, na kwa heshima hiyo alipata bakuli la loshoro kila mchana, mahindi yaliyopondwa na ndizi na maziwa ya mgando. Ambaye Bibi hakumwelewa ni fundi wa kijiko hicho, naye alikuwa binti yake mwenyewe wa mwisho, Mama Mdogo Anjela. Alikuwa na kazi kwenye karakana moja ya Ngarenaro, akivaa ovaroli na viatu vyenye chuma mbele. Watu walipomuuliza Bibi binti yake anafanya nini mjini, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya magari," kisha akageuza mazungumzo upande wa kahawa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua baada ya mvua. Mtaro ulipita kando ya zizi, na Eliya alikuwa ameinua mkono wa mashine, ndoo imejaa tope, juu kabisa ya bati la zizi upande wa mlangoni. Mara mpira mmoja wa haidroliki ukaanza kutema oili. Eliya akazima injini. Ule mkono ukabaki unaning'inia, na ndani ya zizi ng'ombe wa Bibi, jina lake Tumaini, akaendelea kutafuna majani yake kwa amani. Tulipotazama vizuri tukaona kwamba mkono haukuwa umetulia. Ulikuwa unashuka, polepole, kama mzee anayesinzia kanisani.

Eliya alimpigia simu Mama Mdogo papo hapo. Sauti yake ilisikika hadi kwetu: "Usiwashe, mpira utapasuka! Usiguse kitu, na mtu yeyote asipite chini ya huo mkono. Nakuja." Kwa hiyo Eliya akasimama mlangoni mwa zizi ametanua mikono, na Bibi akamjia na fimbo.

"Nipishe, kijana. Ng'ombe wangu yumo humo."

"Bibi, nisamehe. Siwezi."

"Loshoro yangu umekula, leo unanizuia zizini kwangu?"

Nilimpenda Tumaini, lakini nilimwogopea Bibi zaidi, kwa kuwa nilijua Eliya hawezi kumsukuma mwanamke wa umri ule. Bahati nzuri pikipiki ilifika kabla fimbo haijashuka. Mama Mdogo aliruka na sanduku lake la spana, akatazama juu, akatazama chini, na kabla ya lingine lolote akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie huyu anipishe."

"Mama, nakuheshimu, lakini leo hupiti hapa. Njoo huku nyuma, nakuhitaji."

Sijui kama Bibi alikuwa amewahi kukatazwa na mtoto wake. Alimtazama, midomo ikacheza, kisha akamfuata. Upande wa mgombani, mbali na ule mkono, ukuta wa zizi ulikuwa wa mabanzi. Majirani wakaanza kuyang'oa kutoka nje, Eliya akiwa wa kwanza. Uwazi ulipopatikana, Tumaini aligoma kutoka. Mtu mmoja akajitolea aingie amsukume. Mama Mdogo akamshika kola. "Hakuna anayeingia. Mama, mwite wewe."

Bibi akakata kipande cha mgomba, akakiinua, akamwita kwa Kimeru, kwa ile sauti ya kubembeleza ambayo sisi wajukuu hatukuwahi kuisikia ikitumika kwetu. Ng'ombe akageuza kichwa, akafikiri, akatoka akiyumba kama bi harusi. Tulikuwa bado tunapiga makofi pale mpira ulipopasuka. Mkono ukaanguka kwa kishindo kilichotufikia nyayoni, na bati la mlangoni likajikunja kama chapati. Bibi aliketi chini kwenye tope. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mwanamke aliyezoea kutuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, wiki ile alijenga ukuta na paa, na hakulalamika.

Mama Mdogo alilala kwetu mpaka matengenezo yakaisha. Ndoo ilikuwa sasa imelala chini. Hata hivyo alimwagiza Eliya avute vishikio vyote huku injini imezimwa ili shinikizo lililobaki kwenye mipira litoke, akasubiri oili ipoe, ndipo akafungua. Alipofunga mpira mpya na kuwasha injini, hakupapasa viungio kwa mkono. Alipitisha kipande cha boksi. Sehemu moja boksi likatoboka, na tukaona uzi wa oili mwembamba kuliko unywele. "Huu ungeingia mkononi kama sindano," alisema. "Ungeona kadoa tu, na kesho mkono umevimba wote." Akazima, akarudia yote tangu mwanzo. Jumapili iliyofuata Bibi alitangaza nje ya kanisa, bila kuulizwa, kwamba binti yake ni fundi wa vijiko.

Leo barabara ile ina lami, na watoto wangu pale Elerai hupita karibu na mashine kubwa kuliko ile bila hata kuinua macho. Mama Mdogo ana karakana yake Daraja Mbili, na wanafunzi wake wa kike hawamshangazi mtu. Majuzi nilimkuta akisoma hitilafu ya mashine kwenye skrini ndogo, miwani puani. Nikamuuliza kama kazi imekuwa rahisi kuliko zamani.

"Mashine zimeongezeka akili," akanijibu. "Uzito ni uleule."