Alichokiomba Vinod

Kalpana na mumewe Vinod walizaliwa Tabora, wakahamia London mara baada ya kuoana na kufungua duka la magazeti huko Harrow. Nyumbani walisema Kigujarati, dukani Kiingereza. Kiswahili walikiweka kwa mambo ambayo mtoto wao Sunil hakutakiwa kuyasikia: magonjwa, misiba, ugomvi wa ukoo.

Kwa hiyo saratani ilipoingia kwenye mifupa ya Vinod, akawa mtu wa kitandani katika chumba cha chini, la moyoni alilitoa kwa Kiswahili.

"Mama Sunil, nimechoka. Nisaidie niende."

Bridget, muuguzi aliyekuja kumwekea mofini, dawa ya kutuliza maumivu, aliinua uso. "Anasemaje?"

"Anaomba maji," Kalpana alijibu.

Vinod alikijua Kiingereza vizuri na angeweza kumsahihisha. Badala yake alikunywa yale maji, macho yake yakiwa kwa mkewe. Kesho yake aliomba tena, na tena akaletewa maji.

Walipobaki peke yao Kalpana alimsihi. "Baba Sunil, usiniombe hilo. Watanifunga. Na hata wasiponifunga, nitalalaje?"

"Na mimi ninalalaje?"

Alasiri moja maumivu yalitulia ghafla. Sunil alikuwa amekuja na muhogo wa kukaanga, Vinod akautafuna polepole, akamsimulia mwanawe habari za punda aliyeingia dukani kwa babu yake na kula unga. Walicheka watatu hadi Vinod akapaliwa. Jioni ile hakuomba kitu. Halafu maumivu yakarudi kwa nguvu ambayo dawa haikuiweza, na siku zake za mwisho alilia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya kumchoma maiti, Kalpana alikifunga chumba cha chini. Haikusaidia. Akikanda unga wa chapati aliisikia sauti nyuma yake, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza miwani yake iko wapi: "Mama Sunil." Alizima jiko na kusubiri. Sauti haikuendelea.

Mwaka uliofuata Bunge lilikuwa likijadili muswada wa kuwaruhusu wagonjwa wasiopona wasaidiwe kufa. Mbunge wa eneo lao aliitisha mkutano kusikiliza watu, Sunil akaenda na mama yake. Akasimama kuupinga.

"Wazee wetu watajiona mzigo," alisema. "Wataomba kufa ili kutupunguzia kazi. Baba yangu aliteseka, lakini hakuomba kufa hata mara moja."

Kalpana alijikuta amesimama, ameshikilia kiti cha mbele.

"Aliomba," alisema. "Karibu kila siku, kwa Kiswahili, mwanangu asijue. Mimi nikamwambia muuguzi kwamba anaomba maji."

Sunil alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Angepewa alichoomba," aliendelea, "tusingeipata ile siku aliyocheka. Lakini na zile siku za kulia zisingekuwepo."

Mbunge aliuliza kwa upole, "Kwa hiyo, mama, ungependa nipige kura gani?"

"Sijui, mwanangu. Nilidhani nikilisema mbele ya watu, sauti ya mume wangu itanyamaza."

Ndani ya treni Sunil alikaa mkabala naye, na baada ya vituo kadhaa akauliza:

"Alisema nini hasa?"

Kalpana alimwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, kisha akamtafsiria. Sunil, ambaye hakuwahi kufundishwa Kiswahili, aliyarudia maneno yale polepole.

Jumapili alikuja mapema, hajanyoa. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha chini, mkono ukiwa juu ya kitasa, asiufungue.

"Nimemwota baba," alisema. "Alikuwa akisema Kiswahili, mama. Na nilielewa yote."

Kalpana hakumuuliza ameambiwa nini. Alimvutia kiti, akamwekea chai.