Moto Uliowaka Ndani ya Mazuku

Hii sikusimuliwa na mutu. Niliiona kwa macho yangu, asubuhi, na tumboni sikuwa na kitu isipokuwa chai. Lakini ngoja kwanza nianzie kwenye viatu.

Nilipokuwa mutoto kule Rutshuru, baba alininunulia viatu vya plastiki kwa ajili ya Noeli. Kutoka kwetu mpaka kanisani ilikuwa mbali, na matope tele. Unafikiri nilivivaa? Nilivibeba mukononi, nikakimbia miguu mitupu, nikavivaa mulangoni pa kanisa. Vilinibana misa nzima. Mama alinicheka mpaka katekista akamukemea. Basi, kukimbia sikufundishwa shuleni, shule niliiacha mapema. Nilijifunza kwa kuogopa kuchafua viatu. Na ndiyo maana uzeeni, paruasi yetu, yaani parokia ya Munigi, ilipotangaza mbio ya Noeli, nilijiandikisha pamoja na vijana.

Mbio yenyewe ilikuwa hivi. Kila mutu anavaa kofia nyekundu ya Papa Noeli, anabeba mushumaa ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, anateremka nao mpaka Goma mujini. Wa kwanza kufika na moto unaowaka anapewa mbuzi. Moto wako ukizimika njiani, unaomba kwa mukimbiaji mwengine, na yeye hana ruhusa ya kukunyima. Padri aliipenda sana sheria hiyo. Alisema Noeli ni hiyo hiyo.

Siku ile mvua ilikuwa nyembamba, baridi inaingia mifupani, na ukungu ulikuwa umelala mpaka chini.

"Eh muzee, unakimbilia wapi na baridi hii? Kaburi halihami!" kijana mumoja akanitupia.

"Kimbia, utanikuta nimekwisha kula mbuzi," nikamujibu.

Uongo mutupu. Nilitaka tu kumusindikiza Furaha, binti yangu wa mwisho. Yeye ndiye aliyemutaka huyo mbuzi kweli, maana nyumbani Noeli ile tulikuwa na sombe tu, majani ya muhogo, na alikuwa amewaahidi watoto wake nyama.

Kwenye muteremuko Furaha alikuwa mbele yangu kidogo. Maji yakaingia ndani ya chupa yake, moto ukazimika. Wakati ule ule mwanaume mumoja akatupita. Murefu, kofia nyekundu kama sisi wote. Mushumaa wake ulisimama wima, kama uko ndani ya nyumba iliyofungwa. Na jambo lingine: kwa baridi ile sisi wote tulitoa moshi kinywani kama sufuria. Yeye, hata kidogo. Niliona hilo, wala sikuliwaza.

"Kaka, nipe moto!" Furaha akaita.

Hakugeuka. Akaacha barabara, akaingia ndani ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, akashuka mahali pa bondeni. Furaha akamufuata; kuningoja mimi muzee aliona kutamuchelewesha.

Utaniuliza, mutu wa Goma hajui mazuku? Anajua. Ile hewa mbaya inayokaa chini kwenye mashimo, huioni, hainuki, inaua mbuzi akiwa bado anatafuna majani. Lakini ndani ya ukungu mahali pote panafanana. Tena, sisi wote tunajua kwamba mazuku huzima moto. Ukiona mushumaa unawaka, unajua hewa ni nzuri. Furaha aliona mushumaa unawaka. Wewe ungeogopa?

Nilipofika ukingoni, yule mutu alikuwa amechuchumaa kule chini, amemunyoshea Furaha mushumaa. Kando ya mguu wake kunguru alikuwa amelala ubavu, amekufa, bila kidonda. Nikateremsha chupa yangu mpaka magotini. Moto ukafa palepale, kama mutu ameufinya kwa vidole. Nikainua macho. Moto wa yule mutu, ulio chini kuliko wangu, ulikuwa bado unawaka wima.

"Furaha! Usiiname! Panda juu!"

"Papa, nawasha tu, naku..."

Magoti yakamuishia. Nikajaza kifua hewa, nikashuka, nikamukamata sweta, nikamuburuta mpaka juu ya mawe. Nguvu haikuwa yangu, niamini. Ilikuwa ya hofu. Nikageuka. Yule mutu alikuwa bado amenyosha mushumaa. Akasema polepole, kama mutu anayejieleza mbele ya padri:

"Aliniomba moto."

Furaha aliamukia barabarani, akatapika, akalia. Mbuzi alichukuliwa na muuza chapati mumoja, na simulaumu. Kanisani waliwauliza wakimbiaji wote. Hakuna aliyemujua yule. Mimi mpaka leo kifua kinapiga filimbi mvua ikinyesha. Na Furaha, umeme ukikatika, hapokei mushumaa mukononi mwa mutu, hata mwangu. Anaona afadhali akae gizani.

Ninyi munaokimbia asubuhi huku kwetu, ukungu ukiwa chini, bakieni barabarani. Na ukiona moto unawaka mahali ambapo wako umekufa, usiufuate, hata kama anayeushika amevaa kofia ya Noeli.

Watu huniuliza yule alienda wapi. Wanataka niseme aliyeyuka, au aligeuka munyama. Hapana. Alisimama, akaweka kofia yake vizuri, akatugeuzia mugongo, akaenda kwa miguu tu, bila haraka, akizidi kushuka na moto wake. Hakurudi.